Ngoja, Uliza, Sema: Tuwalinde Watoto na Wazee Wetu Katika Simu

*Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Maswali ya kujadiliwa na kikundi yako mwishoni.*

  

Mada ya leo mliichagua ninyi wenyewe. Tulipowauliza mnataka mafunzo gani, nilidhani mtasema kuku wa kienyeji, au namna ya kuweka vitabu vya mhazini. Nilipofungua karatasi, vikundi vitatu vilikuwa vimeandika neno moja tu: simu. Kimoja kiliongeza: "Watoto wetu wanatushinda, na wazee wetu wanaibiwa." Basi leo tuongee juu ya simu.

Mchezo mliouona

Kwanza tuwapigie makofi wale wawili walioigiza. Kwa ajili ya wale waliochelewa, na wale watakaosoma haya nyumbani, mchezo ulikuwa hivi:

*Mama:* Halo?

*Mpigaji:* Halo mama, habari ya leo? Napiga kutoka kampuni ya simu. Laini yako inaonekana imesajiliwa na watu wawili. Itafungwa baada ya dakika tano.

*Mama:* Yesu wangu! Na pesa zangu ziko humo!

*Mpigaji:* Ndiyo sababu nimekupigia, mama. Usikate simu. Nisomee nambari ya kitambulisho, polepole.

*Mama:* Ngoja nimwite mzee wangu anisaidie.

*Mpigaji:* Hapana mama! Ukimpa mtu mwingine simu, laini itafungwa papo hapo. Haya, sasa bonyeza nambari yako ya siri…

Nikawauliza: mmesikia nini hapo? Mzee mmoja kule nyuma akasema, "Hakumpa nafasi hata ya kupumua." Mama mmoja akasema, "Amemkataza kumwita mumewe." Na kijana mmoja akasema, "Kesho huyo mama hataambia mtu, ataona haya."

Mmemaliza kazi yangu. Ningeweza kukaa chini sasa hivi. Maana mtu anayetaka kumwibia mzee, na mtu anayetaka kumharibu mtoto, wote wanatumia vyombo hivyo vitatu: haraka, siri na aibu. Haraka, ili usifikiri. Siri, ili usiulize. Aibu, ili usiseme baada ya kuumizwa, naye aendelee kwa mwingine.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nitawaeleza jambo lililonifundisha. Nimebadilisha mambo machache ili wenyewe wasijulikane. Na katika hadithi hii mimi si shujaa.

Mnakumbuka mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Mama mmoja, mhazini wa kikundi chake, alinunua simu ya kioo ya bei nafuu ili bintiye wa darasa la saba apokee mazoezi ya shule. Simu ilikuwa ya mama mchana na ya mtoto jioni.

Siku moja nambari isiyojulikana ikamwandikia msichana. Ilisema ni mvulana wa kidato cha pili katika kaunti nyingine, anatafuta rafiki wa kusoma naye. Wakaandikiana juu ya hesabu. Kisha juu ya nyumbani. Yeye akamtumia msichana salio la shilingi ishirini, mara ya pili hamsini. Alikuwa msikivu sana. Msichana alipogombana na mama yake, huyo ndiye aliyemwambia, "Mimi nakuelewa." Baada ya majuma machache akaomba picha. Picha ya kawaida. Kisha picha isiyo ya kawaida. Kisha sauti ikabadilika: "Lete pesa, la sivyo picha hii itafika kwa mwalimu wako na kanisani kwenu."

Msichana akachukua shilingi 1,500 katika pesa za mzunguko zilizokuwa ndani ya sanduku la mama yake.

Siku ya mkutano pesa hazikutimia. Kikundi kikamshuku mhazini. Mhazini akapekua nyumba, akajua ni mtoto, akamchapa vibaya, akaichukua simu na kuifungia. Kisha akaniita mimi nizungumze na "huyu mwizi."

Mimi nina diploma yangu ya kazi za jamii. Nimefundishwa namna ya kumsikiliza mtu. Lakini nilipoketi na mtoto yule, swali langu la kwanza lilikuwa: "Kwa nini ulifanya hivyo?" Akainamisha kichwa. Hakunijibu siku hiyo, wala siku ya pili, wala ya tatu. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba mtoto ni mkaidi.

Aliyemfungua hakuwa mimi. Alikuwa nyanya yake. Nyanya alikuwa ameketi pembeni akichambua mboga, tulidhani hasikilizi. Akasema, bila kutuangalia: "Hata mimi waliniibia." Mwaka uliopita alikuwa amepokea ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 4,000. Mara simu ikalia, mtu analia kwamba amekosea nambari, pesa ni za mgonjwa hospitalini, tafadhali mama nirudishie. Nyanya akamwonea huruma, akatuma 4,000 zake mwenyewe, pesa za mbuzi aliyeuza. Zile alizodhani amepokea hazikuwapo. "Nililia usiku," akasema, "nikanyamaza. Nilijua mtasema nimezeeka, mtaninyang'anya simu."

Mtoto akainua kichwa. Akamtazama nyanya yake. Akaanza kusema, akasema yote mpaka jua likazama.

Niliporudi nyumbani nilifikiri sana. Mimi nilikuwa nimemwuliza mtoto swali la mshtakiwa. Nyanya alimpa mkono wa mtu aliyeanguka shimo lile lile. Wawili hao walikuwa wakilala chumba kimoja, kila mmoja na siri yake, kila mmoja akiogopa kuchekwa. Na yule tapeli hakuhitaji kuwafunga kamba. Sisi wenyewe tulikuwa tumewafunga, kwa namna tunavyowacheka wanaotapeliwa na kuwachapa wanaokosea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi shabaha ya mafunzo yetu iwe hii: kabla hatujamfundisha mtoto au mzee jambo lolote juu ya simu, tuhakikishe anajua kuna mtu anayeweza kumwambia bila kupigwa wala kuchekwa. Bila hilo, sheria nyingine zote ni kazi bure.

Maneno matatu ya kukariri

Haraka, siri na aibu ni vyombo vya adui. Sisi tuna maneno matatu ya kumjibu. Semeni pamoja nami:

NGOJA. Akikuharakisha, kata simu. Hakuna kampuni, benki wala afisi ya serikali inayokufa kwa dakika kumi. Haraka haraka haina baraka.

ULIZA. Akikukataza kumwambia mtu, hapo ndipo umwambie mtu. Mwenye shughuli ya haki haogopi shahidi.

SEMA. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Ukisema mapema, pengine pesa zitapatikana au mtoto ataokolewa. Na jirani yako hataanguka shimo lile lile.

Mtoto wa miaka sita anaweza kukariri hayo. Nyanya asiyejua kusoma anaweza kuyakariri. Ndiyo maana nimeyachagua.

Kuwafundisha watoto

Wengine mnasema: "Dawa ni kumnyima simu." Kwa mtoto mdogo, sawa. Hata wenye mitandao kama Facebook na TikTok huweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa wa kujiunga. Lakini mkubwa ukimnyima yako, ataazima ya rafiki, au ataenda saiba pale sokoni. Utakuwa umemnyima simu mbele ya macho yako na kumwachia nyuma ya mgongo wako. Tena, kama mtoto anajua kwamba akikueleza tatizo utamnyang'anya simu, hatakueleza. Yule msichana aliniambia baadaye: "Nilijua mama atachukua simu, na bila simu sitafanya mtihani."

*Watoto wa chini ya miaka minane hivi.* Asishike simu peke yake chumbani. Atazamie mahali watu wazima wanapopita. Mfundishe jambo moja: sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani ni zake, hakuna wa kuzitazama, kuzigusa wala kuzipiga picha kwa siri, awe mgeni, mjomba au mwalimu. Na akiona kitu kinachomwogopesha kwenye simu, akulete, hutamgombeza.

*Watoto wa miaka tisa mpaka kumi na miwili.* Hawa wanapenda michezo ya simu, na michezo mingi ina mahali pa kuongea na watu wasiowajua. Mfundishe kwamba jina na picha kwenye simu si ushahidi. Anayesema ana miaka kumi na miwili anaweza kuwa na arobaini. Asitoe jina la shule, la kijiji, wala njia anayopita jioni. Njia nzuri ya kumfundisha ni mchezo. Wewe jifanye rafiki mpya wa kwenye simu, mwulize maswali polepole, uone atakuambia nini. Mtacheka, na atajifunza zaidi kuliko kwa hotuba.

*Wa miaka kumi na mitatu kwenda juu.* Hapa ongea wazi, hata kama ulimi ni mzito. Mweleze hatua za mwindaji, maana zinafanana: anajipendekeza; anatoa zawadi ndogo, salio au bando; anakuhamisha kutoka mahali pa wengi kwenda mahali pa wawili; anakutenga na wazazi wako; anaomba picha; kisha anatisha. Mwambie: "Ukijiona uko hatua ya pili, njoo. Ukijiona uko ya mwisho, njoo vile vile. Kesi si yako, ni ya yule mtu mzima." Na wavulana msiwasahau. Nao wanawindwa, nao huona haya zaidi kusema.

Msidhani haya ni mambo ya Nairobi tu. Utafiti uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF juu ya Kenya, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kati ya watoto 5 na 13 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamedhulumiwa kimapenzi kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Fikiria shule yenu ya hapa. Hesabu madarasa.

Wazee, wajane na wasiojua kusoma

Mzee haibiwi kwa sababu ni mjinga. Huibiwa kwa sababu ana huruma, anaheshimu afisi, na macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Kwa hiyo mafunzo yake yasiwe ya kumdharau. Kaa naye, simu iwe mkononi mwake, kidole kiwe chake. Ukimfanyia wewe, hatajifunza.

Mfundisheni haya:

1. *Nambari ya siri haitajwi kwa mtu yeyote*, hata kwa mjukuu, hata kwa anayejiita wa kampuni. Isiwe mwaka wa kuzaliwa. Asiyejua kusoma anaweza kuikariri kwa mwendo wa kidole: juu, katikati, chini, upande.

2. *Ujumbe wa pesa si pesa.* Ujumbe wa kweli wa M-Pesa hufika kwa jina la MPESA, si kutoka nambari ya mtu. Mtu akisema amekosea kukutumia, angalia kwanza salio lako mwenyewe. Tena, aliyekosea kweli ana njia yake: hupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 naye hushughulikiwa. Usirudishe kwa mkono wako.

3. *Safaricom hupiga kwa nambari moja tu, 0722 000 000.* Anayepiga kwa nyingine akisema ni wa kampuni hiyo, kata. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwa 333. Wenye laini za kampuni nyingine waulize kwa wakala rasmi nambari zao.

4. *Msaada hauombi ada.* Mtu akisema umeandikishwa kupata pesa za wazee, au ruzuku, lakini utume kwanza shilingi 300 za fomu, huyo ni mwizi. Uliza kwa chifu, au afisi ya huduma za jamii.

5. *Neno la nyumbani.* Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu. Simu ikilia usiku, sauti ya mwanao inasema amepata ajali, atumiwe pesa, utafanyaje? Kila familia ichague neno moja la siri, kama jina la ng'ombe mliyekuwa naye zamani. Asiyelijua, hapati kitu. Halafu mpigie mwanao kwa nambari yake uliyonayo siku zote.

Kwa vijana wetu waliomaliza shule na hawana kazi, nina neno moja. Nao wako hatarini, maana shida hufumba macho. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa onyo juu ya kazi za Thailand zilizotangazwa kwenye mitandao. Wakenya walioitikia walijikuta Myanmar na Laos, wamefungiwa, wakilazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta. Kijana aliyekwenda kutafuta riziki akageuzwa mtumwa wa matapeli. Kazi ya nje ikitangazwa kwenye simu, ajenti achunguzwe kwanza kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mtu asisafiri kwa viza ya utalii akiambiwa atabadilishiwa huko mbele.

Na sisi wenye vikundi je?

Hapa nitawagusa, mnivumilie. Nimeona katika vikundi vya WhatsApp vya wanachama picha za vitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na nambari za simu, ati ni za kuandikisha kikundi. Tapeli akipata hizo anajua jina lako, nambari yako na tarehe ya kuzaliwa. Akikupigia akakuita kwa majina matatu, utaaminije kwamba si wa benki? Katibu apokee nakala za karatasi mkononi, azifungie.

Nimeona pia picha za mayatima wetu wakipokea sare: uso, jina, jina la shule, na maneno "baba na mama walifariki." Tunataka kuwashukuru wafadhili, nia ni njema. Lakini tumemwambia mwindaji kwamba hapa kuna mtoto asiye na mlinzi, na shule yake ni hii. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Picha ya mgongo, au ya mikono ikipokea madaftari, inatosha.

Mnakumbuka mwaka 2023 jijini Nairobi, watu walipanga foleni ili mashine ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, nao wapewe sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi kama 7,000. Siwalaumu, njaa ni njaa. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Funzo ni hili: nambari ya siri ikiibiwa, utaibadilisha. Jicho lako utalibadilisha na lipi?

Jambo likishatokea

Sikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo wengi tunakosea.

*Maneno ya kwanza.* Usianze na "Kwa nini?" kama nilivyofanya mimi. Anza hivi: "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako. Tutatafuta njia pamoja." Yaandikeni ukutani kama ni lazima.

*Usifute.* Hasira hutufanya tufute kila kitu au tuvunje simu. Huo ni ushahidi. Andika kwenye daftari nambari, tarehe na saa. Mwenye simu ya kioo ahifadhi ujumbe wa vitisho.

*Usilipe.* Anayetisha kwa picha, ukimpa 1,500 leo, kesho ataomba 3,000.

*Usisambaze.* Kuna wanaotuma picha ya mtoto kwa wengine ati "kuwaonya." Ni dhambi, na ni jela. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, anayetengeneza, kuweka au kusambaza picha za ngono za mtoto anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Ukizipokea, usizipeleke kwa mwingine, ripoti.

*Piga 116.* Hiyo ni nambari ya kuwasaidia watoto. Ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mtu mzima anayedhulumiwa kijinsia apige 1195, nayo ni bure. Kisha nenda kituo cha polisi, uliza dawati la jinsia, usitoke bila nambari ya OB. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajulishwe pia.

*Pesa zikienda kwa utapeli,* piga simu kwa kampuni ile ile dakika hiyo, si kesho. Zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha.

*Kesi ya mtoto si ya mbuzi.* Mara nyingine aliyemwandikia mtoto si mgeni wa mbali. Ni mtu wa hapa hapa kijijini. Wazee huitwa, mbuzi huchinjwa, mambo yanaisha. Kwa nani? Kwa watu wazima. Mtoto bado anakutana naye njiani kila siku. Wazee wetu, nawaheshimu sana, lakini jambo hili lipelekeni kwa sheria.

Tumalizie

Mtaniuliza, yule msichana alifikia wapi? Tulipiga 116, tukaenda polisi na mama yake, ile nambari ikaandikwa. Aliyemtisha hatujamwona mpaka leo. Lakini vitisho vilikoma tulipoacha kumjibu, na picha haikufika kanisani. Mama alisimama mbele ya kikundi, akaeleza kwamba pesa zilitoka nyumbani kwake, akazilipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Hakumtaja mtoto. Kikundi kilimwachia uhazini. Wanachama wawili walimfuata baada ya mkutano, kila mmoja kwa wakati wake, wakasema: "Hata kwetu."

Na nyanya? Bado ana simu yake ya kubonyeza. Mjukuu wake ndiye aliyemfundisha kuangalia salio. Juzi alipigiwa na mtu wa "kampuni." Akamwambia, "Ngoja mwanangu, nimwite mjukuu wangu." Yule akakata mwenyewe.

Nawaomba mkirudi, kila kikundi kitenge dakika kumi mwanzoni mwa mkutano, kabla ya kuhesabu pesa. Swali liwe moja: "Nani amepigiwa mwezi huu?" Anayesimulia apigiwe makofi, hata kama aliibiwa. Hasa kama aliibiwa. Hiyo haina gharama wala haihitaji mfadhili.

Tuseme tena pamoja: Ngoja. Uliza. Sema.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtu akitapeliwa, watu humwambia nini? Maneno hayo yanamsaidia au yanamnyamazisha?
2. Mtoto wako akitishwa leo usiku kwa simu, unadhani angemwambia nani? Kama si wewe, ni kwa nini?
3. Wazee gani hapa wanaishi peke yao na wana simu? Nani kati yetu atakaa na kila mmoja wao?
4. Vitambulisho na picha za wanachama wetu viko wapi sasa? Nani anaweza kuviona?
5. Tufanye nini kabla ya mkutano ujao? Andikeni jambo moja, jina la atakayelifanya, na tarehe.